Mromania wa Matongo

Katika miaka ile ya maduara, watu walipokuwa wakija Matongo kutoka Geita, Kahama na hata ng'ambo ya mpaka wa Sirari kutafuta dhahabu, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Baba alitaka nibaki nyumbani niangalie ng'ombe. Nilikwenda duarani. Duara ndilo jina la shimo la dhahabu kwetu: mdomo mwembamba kama wa kisima, na huko chini linaufuata mwamba wenye dhahabu popote unapoelekea.

Duara nililofanyia kazi lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Tarime, mtu mkimya aliyefika mara moja kwa wiki. Aliyeisimamia kazi kila siku alikuwa Mwikoma wa upande wa Serengeti, wa umri wa miaka arobaini hivi. Alikuwa amesomea uhandisi wa migodi Romania, enzi serikali ilipokuwa ikipeleka vijana nchi za kijamaa. Aliporudi aliajiriwa kwenye mradi wa serikali, mradi ukafa, naye akaja Matongo kama sisi wengine, na sanduku la bati lililojaa vitabu ambavyo hakuna kati yetu aliyeweza kuvisoma. Mbele yake tulimwita Injinia. Akigeuka tulimwita Mromania, na alijua.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni miti. Wachimbaji huiita matimba: magogo yanayosimamishwa ndani ya duara ili mwamba usishuke. Alinipa nyundo akaniambia niligonge gogo, kisha ninyamaze. Gogo zima hujibu kwa sauti kavu. Lililochoka hujibu kama mtu mwenye mafua. Alinifundisha kupiga kabari kati ya gogo na mwamba, na kulitazama gogo upande wa chini, ambako maji huanzia kulila. Baada ya miezi michache akanifanya mtu wa matimba wa duara letu. Nilijiona mkubwa.

Kitu cha pili alichotufundisha ni mpira, na mpira huo ulikuja na hadithi. Wakati wa mapumziko, tukisubiri chai na mihogo, alikuwa akitueleza habari za klabu moja ya huko alikosoma. Mji wake ulikuwa ndani ya bonde la makaa ya mawe, umezungukwa na milima yenye theluji. Klabu ilianzishwa na wachimbaji wenyewe baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na jezi zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Haikuwa klabu kubwa. Klabu kubwa zilikuwa za mji mkuu, moja ya jeshi na nyingine ya polisi, na zenyewe ndizo zilizogawana ubingwa mwaka hadi mwaka. Hii ya wachimbaji ilipanda daraja, ikashuka, ikapanda tena. Watu wa mji mkuu waliicheka kwamba wachezaji wake wakikohoa wanatoa moshi.

Halafu mwaka mmoja, yeye akiwa mwanafunzi mgeni ambaye bado hajazoea baridi, klabu ile ilichukua Kombe la nchi nzima. Alisafiri kwa treni pamoja na wachimbaji kwenda kutazama fainali. Wakati wa kurudi treni ilisimama kila kituo cha bonde lile, na kila kituo watu waliotoka zamu walilipokea kombe dirishani, wakalishika, wakalirudisha. Lilipofika mwisho wa safari lilikuwa na alama nyeusi za vidole kila mahali. Hakuna aliyelifuta.

"Na wewe ulilishika?" tulikuwa tukimwuliza.

"Kwa vidole viwili," anasema.

"Makombe mengine?"

"Hakuna. Walikwenda Ulaya, wakatolewa mapema. Miaka iliyofuata wakashuka daraja."

Mmoja wetu alisema basi hiyo si timu ya kusimuliwa. Injinia hakukasirika. Alisema klabu ya jeshi ilikuwa na makombe ya kujaza kabati, na yeye hakumbuki hata moja lilikuwa la mwaka gani.

Aliyeipenda hadithi hiyo kuliko sote alikuwa Mjaluo mmoja kutoka Shirati, aliyefanya kazi ya kuvuta kamba mdomoni mwa duara, akipandisha mawe na watu. Alikuwa mwembamba, na alikimbia kama amesukumwa. Hadithi aliijua kiasi cha kumsahihisha mwenyewe. "Injinia, wiki iliyopita ulisema bao la pili lilikuwa la kichwa." Injinia anafikiri kidogo, anakubali.

Ndipo tukaanzisha timu. Mwenye duara alitoa kitambaa, fundi cherehani wa Tarime, mzee Mwislamu ambaye baba yake alitoka Tanga, akashona jezi nyeusi zenye mstari mweupe begani. Alituuliza kwa nini nyeusi, jua lote hili. Tulipomwambia ni rangi za wachimbaji wa Romania alitutazama juu ya miwani, kisha akaendelea kukanyaga cherehani. Uwanja tuliusafisha wenyewe kandokando ya marundo ya kifusi.

Sasa ninapokumbuka, la ajabu halikuwa mpira. Wakati ule koo zetu za Wakurya zilikuwa na ugomvi wa ng'ombe na mipaka, na kulikuwa na njia ambazo mtu wa ukoo wangu asingepita peke yake. Ndani ya timu tulikuwa wa koo tatu zisizosalimiana, na Wajaluo wawili, na Mnata mmoja wa Serengeti golini. Injinia hakutuhubiria. Alitupanga tu. Beki wa kati wa ukoo huu alisimama na beki wa kati wa ukoo ule, na kama hawakusemeshana mpira ulipita katikati yao na sisi wote tukawatukana. Baada ya mechi chache wakaanza kusemeshana.

Tulicheza Sirari na timu iliyokuwa na Wakenya wanne, tukashinda. Tarime mjini tulifungwa vibaya. Wafanyabiashara wa Mugumu walipoandaa mashindano ya wilaya mbili, tulipita hatua kwa hatua mpaka tukajikuta fainali. Zawadi ilikuwa fahali wa ng'ombe, pamoja na kombe lililotengenezwa na mfua bati wa sokoni Mugumu. Fainali ilipangwa Jumamosi.

Wiki hiyo mambo mawili yalitokea. Jumanne mazoezini, winga wetu, yule Mjaluo wa Shirati, aliteguka kifundo cha mguu. Uvimbe ulikuwa kama embe. Na Alhamisi, nikiwa chini na nyundo yangu, nilifika mahali duara linapopinda na nikagonga gogo la tatu. Likanijibu vibaya. Nikagonga la nne. Nikapanda juu nikamwambia Injinia.

Alishuka mwenyewe. Aliporudi alikuwa na udongo nyuma ya shati, kwa hiyo nilijua alilala chali kulitazama paa la mwamba.

"Miti sita," alisema. "Jumamosi asubuhi lori liende Machochwe likachukue. Mpaka hapo hashuki mtu."

Machochwe ndiko tulikonunua miti, kwa wakulima waliopanda karibu na mpaka wa hifadhi. Lori lilikuwa moja, la mwenye duara. Gari la kutupeleka Mugumu lilikuwa jingine, tumeahidiwa na wenye mashindano. Ijumaa mchana ikaja habari kwamba gari hilo limevunjika ekseli.

Tulimwendea Injinia wote kumi na mmoja. Mimi nilikuwa kepteni, kwa hiyo nilizungumza mimi. Nilisema tukikosa kufika watasema Wakurya wa Matongo wameogopa. Nilisema Mugumu na Machochwe ni upande mmoja. Nilisema lori litupeleke Jumamosi, tucheze, tulale Mugumu, na Jumapili asubuhi tupitie Machochwe tupakie miti turudi nayo. Tofauti ni siku moja tu, na duara limefungwa.

Alikuwa ameketi juu ya lile sanduku lake.

"Wewe ndiye mtu wa matimba," akaniambia. "Unasemaje?"

"Yatashika mpaka Jumapili, Injinia."

Nilisema hivyo. Nimeyasema mengi maishani na mengi nimeyasahau, lakini hayo naweza kuonyesha hata mahali nilipokuwa nimesimama. Alinitazama, na niliona kwamba alitaka nijibu hivyo. Alitaka kwenda Mugumu kuliko sisi.

"Haya," alisema. "Lakini hashuki mtu."

Winga wetu alibaki kwa ajili ya mguu wake. Alitusindikiza akiegemea mti, akaniambia nicheze nafasi yake vizuri, maana Injinia alikuwa ameamua kunisogeza kutoka beki ya kushoto hadi pembeni mbele. "Usikae na mpira," aliniambia. "Ukiupata, nenda."

Sitasimulia mechi nzima. Mugumu walitutangulia kwa bao. Tulisawazisha kabla ya mapumziko. Karibu na mwisho nilipata mpira kwenye mstari wa pembeni, nikafanya alivyoniambia, nikaenda. Nilipiga krosi bila kutazama, na mmoja wa wale mabeki wa kati, yule wa ukoo tusiosalimiana nao, alikuwa amepanda kutoka nyuma, akaupiga kwa kichwa. Alinijia akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Injinia alikuwa amesimama peke yake mstarini, mikono nyuma. Kombe lilipofika kwake alilishika kwa mikono miwili, kwa vidole vyote, akatugeukia kutazama kama tumeona. Tuliona.

Jumapili asubuhi tulikwenda Machochwe. Tulipakia miti, zaidi ya sita, mizuri na iliyokauka. Tulirudi tumeketi juu yake tukiimba, fahali akifuata nyuma kwa miguu na watu wawili wa kumswaga. Kwenye daraja la Mto Mara tulimkuta mtu wa Matongo ana baiskeli. Alikuwa ameegesha katikati ya njia ili tusimpite. Alimsalimia dereva, akazunguka nyuma, akamtafuta Injinia kwa macho.

"Duara limeshuka," alisema. "Jana saa tisa. Wako wawili ndani."

Ndivyo ilivyokuwa: mwenye duara alifika Jumamosi asubuhi bila kutarajiwa, akakuta kazi imesimama. Mwamba wa wiki ile ulikuwa mzuri, watu wa maduara ya jirani walikuwa wanaukaribia kwa chini, naye hakutaka wamtangulie. Akasema washuke wachache, watoe kidogo tu. Wengi walikataa. Mmoja alikubali kwa sababu alikuwa mgeni. Winga wetu alikubali kwa sababu mguu haukumruhusu kuvuta kamba, na alisema huko chini mtu anafanya kazi ameketi.

Tulifika Matongo, tukaanza kuchimba bila kuvua jezi. Injinia aliongoza. Tulisimamisha ile miti ya Machochwe mmoja baada ya mwingine, kwa sababu bila hiyo na sisi tungefukiwa, na kila gogo nililolipigia kabari lilikuwa zima kabisa, lilikuwa linajibu sauti kavu. Jumatatu asubuhi tulimfikia yule mgeni. Alikuwa hai, amekaa penye nafasi ndogo, hawezi kusema. Mchana tulimfikia mwenzetu. Gogo la nne ndilo lililokuwa juu yake.

Injinia alimpandisha mwenyewe. Hakukubali asaidiwe.

Tulimpeleka Shirati kwa lori lile lile. Mama yake alikuwa mjane, mwanamke mrefu, Kiswahili chake cha kukatakata na Kijaluo ndani. Injinia alipiga goti mbele yake.

"Shikamoo mama. Lori lilikuwa la kwenda kuchukua miti. Mimi ndiye niliyeamua liende kwenye mpira."

Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyesema matimba yatashika. Mama alimtazama muda, halafu akatutazama sisi, jezi zetu zina udongo.

"Mlishinda?" aliuliza.

"Tulishinda, mama."

"Nani alicheza mahali pake?"

Hapo ndipo niliposogea mbele. Nilimwambia ni mimi. Alinitazama miguu, si uso, akatikisa kichwa taratibu, akaingia ndani kwa wanawake wengine. Sikumwambia lile jingine. Nimelisema kwa watu wengine tangu hapo, kwake sikulisema.

Fahali aliletwa Shirati akachinjwa kwenye matanga. Lile kombe la bati tuliliacha kwa mama.

Baada ya siku arobaini wachezaji walitaka kuendelea. Kulikuwa na mwaliko kutoka Musoma. Tulimfuata Injinia, tukamkumbusha mwenyewe alichotusimulia: kwamba katika bonde lile la Romania mgodi mmoja uliwahi kulipuka, na klabu ikacheza Jumapili iliyofuata, wachezaji wamefunga vitambaa vyeusi, uwanja mzima umesimama kimya, na ikashinda. Alikuwa ameisimulia hiyo kwa fahari mara nyingi.

"Nilikuwa nimekaa jukwaani," alisema. "Nilikuwa mwanafunzi. Sikumjua hata mmoja wa waliokufa."

Akaanza kufunga sanduku. Nilimsaidia kulifunga kamba. Tulipokuwa peke yetu nilimwambia, "Injinia, mimi ndiye niliyesema yatashika."

"Nililala chini ya lile gogo nikaliona," alijibu. "Usinipunguzie mzigo, mura."

Mura ni kijana kwa Kikurya. Yeye Mwikoma hakuwa na kawaida ya kuniita hivyo. Aliondoka kesho yake asubuhi.

Tuliendelea bila yeye. Tulicheza misimu mitatu, tukachukua mashindano ya Tarime mara moja, na watu wa huku wenye umri wangu bado wanaikumbuka ile timu ya jezi nyeusi. Kisha maduara yalifungwa, mgodi mkubwa ukaja, watu wakatawanyika. Uwanja wetu sasa uko chini ya mawe. Mimi nilisomea ualimu, nikafundisha shule za msingi miaka yangu yote, na mpira sikufundisha. Waliponiomba nilisema goti linauma.

Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimekwenda Mugumu kwa mambo ya ndugu, mtu akanitajia mzee anayelima vitunguu Manchira, karibu na bwawa, ambaye zamani alikaa Ulaya. Nilikwenda. Alikuwa amejikunja kidogo, lakini alinitambua kabla sijamsalimia. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akanionyesha mitaro yake ya maji. Kingo za mitaro alizisimamishia vipande vya miti, vimepigiwa kabari.

Mwanangu alikuwa amenitafutia kwenye simu habari za ile klabu. Nilimwambia: migodi ya bonde lile inafungwa mmoja baada ya mwingine, na klabu imeshuka mpaka madaraja ya chini kabisa. Alisikiliza akichambua kitunguu.

"Walichukua Kombe mara moja," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Yule kijana alijua kila bao. Mimi mwenyewe nimeshachanganya. Yeye angejua."

Mke wake alituletea ugali na samaki wa bwawani. Ni yeye aliyeniambia, mzee alipokwenda kunawa, kwamba kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akipanda basi kwenda Shirati na gunia la vitunguu na la mahindi, mpaka yule mama alipofariki. Alikuwa akilala siku mbili. Mke hakujua walikuwa wanaongea nini. Alisema anadhani hawakuwa wakiongea sana.

Mzee alifariki mwaka jana. Nilikwenda kumzika kwao. Waliozungumza kaburini walimsifu kama mtu wa maji, aliyewafundisha wakulima wa Manchira kuchimba mitaro isiyobomoka. Hakuna aliyetaja Matongo. Mchungaji aliuliza kama kuna mwingine wa kusema, nami nikajikuta nimesimama. Waliniuliza mimi ni nani wake.

Nilisema nilikuwa beki wake wa kushoto. Watu walitazamana. Kwa hiyo nikaanza mwanzo, na bonde la makaa ya mawe, na treni inayosimama kila kituo, kisha nikaja kwenye lori na Machochwe na daraja la Mto Mara. Nilisema alichoamua yeye, na nilisema nilichomwambia mimi siku ile ya Ijumaa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya watu wengi. Nilipomaliza nilikwenda kukaa, na kijana mmoja wa ukoo wao akanisogezea kiti.

Mkewe alinifuata baada ya watu kutawanyika. Aliniuliza jina la yule kijana wa Shirati. Nilimwambia. Alilirudia mara mbili ili asilisahau, akasema atalitaja kanisani Jumapili pamoja na la mume wake.